Feni ya Ghorofa ya Tatu

Tarehe 9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na za kwanza ni za Mama. Natumaini goti lake limepunguza hasira, na ile fimbo niliyomletea anaitumia kutembelea, si kufukuzia kuku wa jirani. Shemeji hajambo? Watoto je? Mwambie mkubwa wako picha ya lifti aliyonichorea nimeibandika juu ya kitanda changu. Mafundi wenzangu wameicheka kwa sababu lifti yenyewe ina mapazia. Nimewaambia mama yake ni fundi cherehani, wakaelewa.

Mimi mzima. Wiki iliyopita tulimtoa meneja mmoja aliyekwama kwenye lifti na keki ya sherehe ya ofisi. Tulipofungua mlango, meneja alikuwepo, keki haikuwepo, na sisi hatukuuliza. Mwenzangu wa kazi, yule mzee tunayemwita Breki, anawasalimu ingawa hawajui. Mwambie Mama ninakula, ninalala, na sweta ninavaa.

Hii ni karatasi ya pili, usimsomee Mama.

Nina swali dogo. Kipa, mtoto wa jirani yetu, yule aliyekaa golini miaka yote tuliyocheza uwanja wa shule, yuko wapi siku hizi? Kama amerudi nyumbani niambie. Na kama amesema chochote kuhusu mimi, niambie upesi, hata kama ni upuuzi. Wewe usimuulize. Sikiliza tu.

Mdogo wako


Tarehe 3 Machi

Kitindamimba wa Mama,

Barua imefika na nimeisoma kwa sauti baada ya chakula kama kawaida, Mama yuko kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli. Kwenye keki alicheka mpaka akaniomba nirudie. Goti halijambo, lakini fimbo imekuwa silaha kama ulivyohofia. Shemeji yako mzima, bado anabishana na redio. Mimi sare za shule zimenijaa mpaka mlangoni, na kila mzazi anataka yake jana.

Nilipomaliza karatasi ya kwanza niliikunja ya pili nikaitia mfukoni, na Mama akatazama dirishani, kama anavyofanya siku zote.

Sasa wewe. Unaniuliza habari za mtu halafu unanikataza kuuliza. Tangu lini tukaishi hivyo? Kipa amerudi. Alishuka kwenye basi na begi moja, akapita mbele ya kibanda changu bila kusimama, yeye ambaye hakuwahi kupita pale bila kunichokoza. Amekonda, shati linamwelea. Ameingia chumba cha nyuma kwa mama yake na hatoki. Mama yake anasema ni uchovu wa safari. Safari gani hiyo ya kumlaza kijana mzima chini wiki baada ya wiki?

Kuhusu wewe hajasema neno. Kwani alipaswa kusema nini? Mligombana? Kama ni mwanamke, niambie tu, mimi si mtoto.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Dada,

Nawasalimu wote. Nimefurahi kusikia Mama anacheka. Huku mvua zimeanza na visima vya lifti, yale mashimo zinamopitia, vinaingia maji, kwa hiyo tuko kazini kutwa na viatu vyetu havikauki. Viatu vyangu vimeanza kufunguka midomo.

Karatasi ya pili haina mengi. Hatukugombana. Nilimwona, tukasalimiana, kila mtu akashika njia yake. Mwache apumzike, na usiende kwao mara kwa mara, mtaa wetu unaujua. Kazi zimebana, nikichelewa kuandika msishangae.

Mdogo wako


Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi wazima. Watoto wamefunga shule, nyumba haikaliki. Mama anauliza kama umenunua viatu vipya. Nimemwambia ndiyo, vyeusi, vya kamba. Kwa hiyo kabla hujaja nyumbani tafuta viatu vyeusi vya kamba, usiniumbue.

Karatasi ya pili ni ndefu kidogo.

Kipa si uchovu. Mama yake amekuja kibandani kwangu akafunga mlango, akakaa juu ya marobota ya kitambaa, akalia. Alikuwa anafua nguo za mwanawe akakuta kadi ya kliniki ya huko mjini. Ni virusi. Na baya zaidi, dawa hanywi. Alirudi na kopo la vidonge, mama yake alipolitafuta akakuta amelimwaga lote chooni. Anasema imekwisha, kuna mtu wa huku nyumbani alimwona kliniki, basi tena, hana uso wa kurudi kule wala wa kutoka nje huku. Sasa anakohoa.

Mama wa watu aliniuliza afanye nini kwa usalama wa wajukuu. Mimi ningejua nini? Nilimwambia atenge vyombo vyake. Akasema vikombe vyao vyote vinafanana, nikamkatia uzi mwekundu kwenye bobini yangu aufunge kwenye mkono wa kikombe chake. Naona tumefanya vyema. Inasikitisha lakini mtu lazima ajilinde. Wewe unaonaje?

Unajua watu wengi huko. Huyo aliyemwona ni nani? Mtu wa namna gani anamwona mwenzake mahali pa matibabu halafu anamwacha aondoke hivyo?

Dada yako


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu ingawa hujanijibu. Mama naye anakusalimu. Safari hii nimemsomea barua niliyoitunga mwenyewe, nikamwambia umepandishwa cheo. Akauliza mbona unaandika kama mimi.

Sikuandikii leo kupiga soga. Kipa amekataa chakula. Uji anapokea, anaushika, unapoa mkononi. Jana niliingia nikamkuta ameelekea ukutani. Nikamwambia, nitajie huyo aliyekuona, nitamfuata mwenyewe na mkasi wangu. Akavuta shuka mpaka sikioni. Halafu akasema, bila kugeuka:

"Muulize mdogo wako."

Nimekuuliza. Ulimfanya nini mtoto wa watu? Ulikwenda kliniki kufanya nini, na ulimtangaza kwa nani? Naogopa tutamzika huyu kijana kabla ya mavuno, na mimi nitakaa kwenye msiba wake karibu na mama yake nikijua aliyemfikisha pale ni ndugu yangu. Jibu. Usiniandikie habari za mvua.

Dada yako


Tarehe 19 Juni

Dada yangu,

Salamu kwa Mama, na mwambie cheo bado. Karatasi ya kwanza ni hii tu, jaza mwenyewe, naona umezoea.

Barua zako mbili zilikaa juu ya kabati bila kufunguliwa. Niliona mwandiko nikajua. Leo nimezifungua kwa sababu sikuwa peke yangu, walikuwepo watu chumbani. Nitakueleza ni akina nani.

Kwenye jengo moja huku, ghorofa ya tatu, kuna kliniki, na nyuma ya kliniki kuna chumba chenye viti vya plastiki na feni ya dari inayokwaruza. Kila Jumamosi wanaume tunakutana pale. Yuko Dereva wa malori, ametoka kaskazini. Yuko Mpishi wa bweni la wanafunzi. Babu zao hao wawili waliibiana ng'ombe, na wao kila Jumamosi wanadaiana, huyu anasema rudisha dume letu, yule anasema tulishamla. Yuko muuza miwani aliyekuja kutoka ng'ambo ya mpaka, Kiswahili chake cha kuungaunga, furaha na huzuni zote anasema pole, basi tunamwita Bwana Pole. Wako na wengine. Anayetuongoza ni muuguzi wetu, Sista. Hakuna wawili wa kabila moja, na haikutokea kwa bahati. Kila mmoja alikwepa vikundi vyenye watu wa kwao. Mbele ya mgeni unaweza kulia ukajifuta ukaenda zako. Ukilia mbele ya mtu wa kwenu, kilio kinapanda basi kinafika nyumbani kabla yako.

Sasa umeshaelewa, dada. Sitaizungusha tena. Ninavyo virusi, mwaka wa tano huu. Ninakunywa dawa na vipimo vyangu ni vizuri, Sista anasema nikiendelea hivi nitazeeka kwa goti kama Mama.

Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza nilikuwa nimekaa, viatu nimevua, nasimulia ndoto mbaya ninazoota, maana tunasimuliana hata hizo. Sanduku langu la vifaa lilikuwa chini ya kiti kwa sababu nilitoka kazini. Mlango ukafunguliwa, akaingia Sista na mgeni nyuma yake, kadi mkononi. Alikuwa Kipa.

Hata sikufikiri. Nilichukua bisibisi nikapanda juu ya meza bila viatu, nikaanza kufungua feni. Wale jamaa walikuwa wamenisihi miezi mingi niiangalie nikawa nakataa, nawaambia mimi ni fundi wa lifti, feni si hadhi yangu. Siku hiyo niliifungua. Wote wakanitazama, na hakuna aliyetoboa siri yangu. Nikamgeukia Kipa nikamsalimia kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya mtu asiye na shida duniani:

"Kipa! Mimi nimeitwa kutengeneza feni. Na wewe vipi, una kazi gani humu?"

Aliitazama kadi yake. Akaitia mfukoni, akasema amekosea ghorofa. Nilimsikia akishuka ngazi, hakungoja hata lifti. Bwana Pole akasema pole, na mpaka leo sijui alikuwa anamwambia nani.

Sikumtangaza kwa yeyote. Nilimwogopa tu. Nilidhani yeye ndiye atakayefika nyumbani na habari zangu, ndiyo maana nikakuandikia ile barua ya Februari. Kumbe naye alinikimbia mimi. Hili la kumwaga dawa nimelisoma leo, lakini nilikuwa nimeshalihisi, na mimi mwenyewe kwa aibu nilikuwa sikanyagi kliniki. Vidonge vikaniishia. Siku moja nikiwa juu ya kibanda cha lifti nilitazama chini ya kisima muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Kazi yetu haifanywi na mtu mmoja, lazima mmoja awe juu na mwingine chini kwenye swichi, na wa chini huita na wa juu huitika. Breki aliita, sikuitika. Akaita tena. Akazima umeme wote wa jengo, akapanda ngazi zote na kifua chake kibovu, akanishika mkanda. Alinivuta nikakaa naye sakafuni mpaka akapata pumzi.

Siku zilizofuata Dereva na Mpishi walikuja kunitafuta. Walijua ninatengeneza lifti, hawakujua za jengo gani. Basi wakawa wanaingia majengo makubwa ya mjini wanapanda na kushuka lifti zote wakiulizia fundi, mpaka mlinzi mmoja akataka kuwakamata. Walinipata. Walinirudisha kliniki mmoja kila upande kama mtuhumiwa, Sista akanigombeza nusu saa, nikaanza dawa upya. Kisha wakaja chumbani kwangu, wakaona bahasha zako juu ya kabati. Mpishi akasema fungua, sisi tupo.

Ulisema mtu ajilinde. Basi kata uzi mwingine, dada, unifungie na mimi kikombe changu pale nyumbani, maana nikija likizo nakunywa chai kwenye vikombe vyenu. Nimekunywa miaka mitano na hakuna aliyepata kitu, kwa sababu ugonjwa huu haupiti kwenye kikombe. Fanya unavyoona. Lakini kwanza nenda kwa Kipa. Mwambie fundi hakuitwa kwa ajili ya feni. Mwambie nilikuwa na kiti changu mle. Ukitaka kumwambia yote, mwambie yote. Naogopa sana na ninaomba uende leo.

Mdogo wako


Tarehe 8 Julai

Wewe,

Salamu utazipata mwisho, leo sizianzi.

Nilisoma barua yako kibandani na pasi ikiwa juu ya sketi ya mteja. Sketi imeungua. Nimekasirika na nataka ujue. Miaka mitano unakuja nyumbani, unabeba watoto wangu mabegani, unanicheka ninavyozeeka, na hili unaliweka mahali nisipoliona. Wageni walioibiana ng'ombe wanajua, mimi niliyekufundisha kufunga kamba za viatu sijui. Nimelia kwa hasira. Halafu nikakumbuka nilichoandika mwezi wa nne, nikajiuliza ungeniambiaje mimi. Ule uzi niliukata kwa mikono yangu, nikaona nimefanya vyema. Hapo nililia upya, na hiyo haikuwa hasira.

Nikafunga kibanda mchana, nikaenda.

Alikuwa vilevile, uso ukutani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia, "Yule fundi hakuitwa kwa ajili ya feni. Ana kiti chake mle ndani, ana kadi kama yako. Alikuogopa wewe." Nikarudia, maana nilidhani hakusikia. Akageuka taratibu, akanitazama, macho yamekuwa makubwa usoni. Unajua aliniuliza nini?

"Kwa hiyo ile feni hakuitengeneza?"

Nikasema nijuavyo mimi, utakuwa umeiharibu zaidi. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kilio, mama yake akaja mbio na trei ya chai akidhani mwanawe anakata roho. Vikombe viwili. Nikachukua chenye uzi mwekundu, nikanywa. Mama wa watu alisimama na trei yake mdomo wazi. Nikavuta mkasi ulio shingoni kwangu, nikaukata ule uzi, nikakijaza kikombe tena nikampa Kipa. Akanywa nusu. Mama yake akaweka trei chini, akakaa hapohapo sakafuni, akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyeniambia vyombo vitengwe. Nikamwambia hakuna, ni mimi tu niliyejitungia.

Hospitali tulikwenda siku iliyofuata, sisi watatu. Wamempima damu na kifua, kifua kina dawa zake, na vile vidonge ataanza upya wakishajua hali yake. Daktari amesema amechelewa lakini hajachelewa sana. Niliogopa kuuliza maana yake nini. Anakula. Kidogo, kwa kusimamiwa, lakini anakula. Akipata nguvu anataka kurudi kazini huko, na sijui kama ataweza.

Lingine. Jioni nilimsomea Mama karatasi ya kwanza, ya kutunga, kama kawaida. Nilipofika mwisho hakutazama dirishani. Akasema, "Na ile ya pili, mwambie siku akiwa tayari aniandikie mimi, wewe unisomee. Macho ndiyo mabovu, masikio yangu mimi ni mazima, nakusikia unavyoikunja." Nilibaki nimeshika karatasi kama mwizi. Sijamwambia kitu. Hiyo ni kazi yako.

Sasa salamu. Sote tunakusalimu, shemeji, watoto, na mimi. Kikombe chako kiko kabatini pamoja na vingine na hakina uzi.

Dada yako


Tarehe 6 Septemba

Mama yangu mpendwa, pamoja na Dada anayekusomea,

Shikamoo Mama. Natumaini goti linakuruhusu na kuku wa jirani wako hai. Viatu nimenunua, vyeusi, vya kamba, vinanibana.

Mama, safari hii nakuandikia wewe. Ninaishi na virusi vya ukimwi, ni miaka sasa. Dawa ninakunywa kila siku na mwili wangu hauna shida. Shida ilikuwa moyoni, kwa sababu ya kukaa na jambo hili peke yangu mbali na wewe, na kwa sababu hiyo nilimuumiza Kipa. Dada atakueleza. Mimi niliogopa uso wako kuliko ugonjwa wenyewe. Usilie sana. Ukilia, Dada akukumbushe habari ya keki.

Jumamosi iliyopita tulikuwa chumbani kwetu pale kliniki. Dereva anamdai Mpishi dume lake, Bwana Pole anagawa chai. Feni inapiga kelele kuliko zamani, kwa kweli niliiharibu, na tangu mwezi wa kwanza hakuna anayeniruhusu kuigusa. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Kipa, bado mwembamba, kofia mkononi. Nilisimama, nikashika kiti changu. Yeye akatazama juu, akasikiliza lile kwaruzo, akaniambia kwa lugha yetu ya nyumbani mbele ya wote:

"Fundi, kazi yako mbaya."

Wale jamaa hawakuelewa neno hata moja lakini walicheka, maana waliniona ninavyolia. Nikampa kiti changu, mimi nikakaa juu ya sanduku la vifaa. Alikaa mpaka mwisho na hakusema mengi. Tulipoondoka tulingoja lifti pamoja.

Dada, hakuna karatasi ya pili. Msomee Mama yote.

Mwanao